Gari ya rimoti inavuta upande mmoja, inagoma kona au tairi zinatetemeka: pa kuanzia

Kila shule zikifunga naletewa gari za rimoti hapa nyumbani Pasua, Moshi, na malalamiko huwa yale yale. Shikamoo anko, inaenda yenyewe kushoto. Anko kulia haikati. Anko inatetemeka kama ina homa. Nyingine ni mpya za dukani, nyingine zimetoka mitumba ya Kiborloni au Memorial, gari ilikuwa kwenye rundo moja na rimoti kwenye rundo jingine. Kinachoniuma ni kwamba nyingi zikinifikia zimeshafunguliwa bodi ya umeme, skrubu mbili hazipo, waya umeng'oka, afu ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye tairi. Kwaio naomba ushike hili moja: anza chini kwenye tairi, panda taratibu kuelekea juu, bodi iwe ya mwisho kabisa. Na kale kakitufe kwenye rimoti ka kusogeza katikati, trimu, kachukulie kama panadol, inatuliza maumivu ila malaria iko pale pale.

Kabla ya chochote, fanya haya

Chaji betri ya gari ijae, weka na betri nzuri kwenye rimoti. Sio kwa sababu nakuhisi mvivu, ni kwa sababu betri iliyochoka inatengeneza karibu kila dalili utakayosoma hapa chini, na utahangaika masaa mawili kutafuta kitu ambacho hakipo. Kama unatumia zile ndogo za AA usichanganye mpya na za zamani, na kumbuka za kuchaji zina volti 1.2 kila moja wakati za kutupa zina 1.5, kwaio kwa gari iliyotengenezwa kula nne za kutupa, ukiweka za kuchaji umeshuka kutoka volti 6 hadi 4.8, baadhi ya gari zinavumilia na nyingine usukani unalegea.

Washa rimoti kwanza ndo uwashe gari, wakati wa kuzima anza na gari. Weka trimu katikati. Kama rimoti ina kitufe cha kuzungusha cha kupunguza kiasi cha kukata kona, mara nyingi kimeandikwa D/R, kizungushe hadi mwisho kabisa wa juu, maana nimeshaletewa gari "haikati kona" na shida yote ilikuwa hapo.

Sasa inua gari juu ya kopo, tairi zote ziwe hewani, kata kushoto, kata kulia, achia. Angalia tairi za mbele kwa juu, zimesimama sawa au zimetazama pembeni? Halafu ishushe kwenye sakafu laini, ikiwa imewashwa ila bila kugusa mafuta (kile cha kuongeza mwendo kwenye rimoti), isukume kwa mkono. Gia za mota zitaikaza kidogo, ni kawaida, sukuma polepole. Ikivuta hata hapo basi mara nyingi shida ni ya vyuma na plastiki, sio umeme. Ila angalia sana hii kitu: veranda zetu zinajengwa zikiwa zimelala kidogo ili maji ya mvua yatoke, kwaio geuza gari isukume kurudi ulikotoka. Kama mara zote mbili imekwenda upande ule ule wa ukuta, aliyelala ni sakafu, gari yako haina shida.

Inavuta upande mmoja wakati umeachia usukani

Hii ndo inayoongoza. Sababu ya kwanza ni trimu imesogea mfukoni au mtoto kaichezea, umeshairudisha katikati hapo juu, kwaio tuendelee.

Ya pili ni kitu kimejizungusha kwenye ekseli ya tairi moja. Dogo mmoja wa jirani aliniletea gari ya saizi ya moja kwa kumi na nane (gari halisi ni ndefu mara kumi na nane yake), inavuta kushoto hadi inagonga ukuta, wameshazungusha trimu hadi mwisho na bado. Nikainua, nikasukuma tairi za mbele kwa kidole, ya kulia inazunguka yenyewe mizunguko mitatu minne, ya kushoto inasimama pale pale. Nikafungua nati, nikatoa tairi, nyuma yake kulikuwa na pete nyeusi inayong'aa nikadhani ni beringi imeungua. Ilikuwa nywele. Mama yake anasuka watu barazani na yale mabaki ya rasta yanabaki chini, gari inapita inayakusanya, yanajivuta ndani kati ya tairi na kile kiplastiki kinachobeba tairi hadi yanakaza kama kamba. Nilichana kwa wembe taratibu nikavuta kwa kibano, ikatoka shibiri nzima. Tukarudisha trimu katikati gari ikaenda mbele kama mshale. Kwaio toa tairi zote nne uangalie, nywele, nyuzi za zulia, kamba za viroba, vyote vinakaa hapo na kwa nje huvioni.

Ukiwa hapo hapo sikiliza beringi. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga linaingia kila mahali, beringi ikizungushwa kwa kidole inatakiwa iwe kimya, ikikwaruza itoe, ioshe na spiriti kwa mswaki wa zamani, ikauke, tone moja la mafuta ya cherehani basi. Gari za bei ndogo hazina beringi, zina kibushi cha plastiki, hicho futa tu.

Tatu, tairi hazilingani. Funga uzi kuzunguka tairi ya kushoto uweke alama, funga ule ule kwenye ya kulia. Milimita mbili tatu za tofauti zinatosha kuvuta gari, na kwenye za mitumba unakuta mtu alibadilisha tairi moja akaweka ya gari nyingine. Angalia pia kama raba inateleza juu ya ringi, shika ringi kwa mkono mmoja uzungushe raba, ikizunguka peke yake isafishe na spiriti uibandike na supa gluu, tone tone pembeni, iache ikauke usiku.

Nne, tairodi. Ni zile fito mbili nyembamba zinazosukuma tairi za mbele. Ikigonga jiwe inapinda, au kichwa kinachomoka kwenye kiboli chake kikaning'inia. Chomoa uilaze juu ya kioo, ukiona mwanga chini yake imepinda, inyooshe na plaizi polepole. Kwa alaimenti sio lazima mashine, pima kwa rula umbali kati ya tairi mbili za mbele kwenye ncha za mbele, kisha kwenye ncha za nyuma. Tofauti ya milimita moja haina neno. Ikizidi, na kama tairodi yako ni ya kuzungusha, zungusha zote mbili kwa kiasi kimoja, nusu mzunguko huku nusu mzunguko kule. Watu wanarekebisha moja tu gari inanyooka, afu kesho wanalalamika kona ya upande mmoja imekuwa fupi, hapo ndo ilipoanzia.

Tano ni mkono wa sevo kukaa jino lisilo lake. Sevo ni kile kiboksi chenye mota ndogo na gia kinachosukuma usukani, na mkono wake unakaa kwenye meno. Chomoa tairodi kwenye mkono, washa gari, trimu katikati, mkono unatakiwa usimame wima. Ukiwa umelala, fungua skrubu ya katikati, uvute utoke, urudishe ukiwa wima GARI IKIWA IMEWASHWA, ili sevo ibaki kwenye katikati yake ya kweli. Sevo nyingi zina meno 25, maana yake kila jino ni digrii 14.4, kwaio hautapata wima kamili mara zote, chagua jino la karibu zaidi halafu zile digrii chache zilizobaki ndo umalizie na trimu. Hiyo ndo kazi halali ya trimu. Na tafadhali usiuzungushe mkono wa sevo kwa nguvu ya kidole kuusogeza, gia za ndani ni plastiki zinakatika kimya kimya na hautajua hadi baadaye.

Inanyooka polepole ila ukibonyeza mafuta ndo inavuta

Hii watu wanaipeleka mbele wakati iko kwenye nguvu za mota. Inua gari, shika tairi moja ya nyuma uzungushe, ile nyingine kama kuna difu (gia za kati zinazoruhusu tairi mbili zizunguke kwa mwendo tofauti) itazunguka kinyume kwa ulaini. Ikikaza, difu imeingiwa uchafu au grisi imekauka. Zipo gari ndogo hazina difu, ekseli ni fito moja, tairi zote mbili zinaenda pamoja na hiyo ni sawa kwao. Sababu ya kawaida zaidi kuliko difu ni tairi moja kuteleza kwenye ekseli, kipini kidogo kimedondoka au tundu la pembe sita kwenye ringi limekuwa duara, basi upande mmoja unasukuma na mwingine unafuata tu. Kwa zile za kuvuta tairi nne angalia kama fito ya kupeleka nguvu mbele imechomoka upande mmoja. Na kagua shokapu, moja ikiwa imekufa gari inalala upande huo kila ukiondoka kwa nguvu.

Inakata vizuri kushoto, kulia inagoma

Kwanza pima, usiamini macho. Chukua chaki nenda kwenye sakafu ya saruji, endesha mwendo wa kobe ukiwa umekata kushoto mwisho, weka alama za mduara, kisha kulia mwisho. Pima upana wa miduara yote miwili. Ikipishana kidogo achana nayo, gari nyingi hazilingani kwa asilimia mia. Ikiwa mmoja ni mita moja na mwingine mbili, kuna kitu.

Mara nyingi ni kizuizi. Ganda la juu la gari linagusana na tairi ikikata upande mmoja, litoe ujaribu bila hilo, ukiona shida imeisha chonga pale panapogusa. Baada ya hapo angalia waya zilizopita karibu na usukani, na matope. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo unaingia kwenye kile kidaraja cha plastiki kinachounganisha tairodi mbili, unakauka, unakuwa kama saruji, mswaki mkavu na subira ndo dawa yake. Kinachofuata ni mkono wa sevo au tairodi zisizolingana, rudi kwenye maelezo ya juu. Kwa rimoti kubwa kidogo zenye menyu kuna mpangilio wa mwisho wa kukata kila upande, angalia kama upande mmoja umepunguzwa. Cha mwisho, jino limevunjika ndani ya sevo: utasikia krrr ikifika mahali fulani, na ni pale pale kila mara.

Ukisikia sevo inalia ngiii wakati umekata mwisho na tairi zimeshagota, achia haraka. Inasukuma kitu ambacho hakisogei, inachemka na itaungua. Punguza mwisho wa kukata hadi mlio uishe.

Hairudi katikati, au kila mara inarudi pengine

Kama umetoka kuifunga juzi, jibu ni skrubu umekaza mno. Vile viplastiki vinavyobeba tairi vinazunguka juu ya pini zao, ukikaza hadi mwisho vinabanwa. Legeza robo mzunguko. Chomoa tairodi kwenye sevo, sukuma tairi kwa kidole kimoja, ziende na kurudi bila kukwama.

Ikiwa haijafunguliwa, ni vumbi. Na hapa nawasihi, msiweke mafuta ya kupikia wala grisi kwenye viungo vya usukani huku kwetu, iwe Moshi au Arusha, vumbi linashika kwenye mafuta linakuwa msasa. Safisha pakavu, kisha saga risasi ya penseli, ule unga mweusi paka kidogo kwenye pini, inateleza vizuri na haishiki vumbi. Ila unga huo unapitisha umeme, usiruhusu ufike kwenye bodi.

Gari za bei ndogo zinarudishwa katikati na kispringi tu, kikichomoka au kikilegea zinabaki zimekata. Kufungua kifuniko chake ni kazi rahisi, ila kabla hujafungua PIGA PICHA na simu, kile kispringi kinaruka na kukirudisha bila picha ni mateso. Gari za sevo nazo zina springi ya kulinda sevo isivunjike gari ikigonga, ikichoka, tairi zinacheza wakati sevo imesimama. Shika mkono wa sevo, tikisa tairi, utaona mchezo uko wapi.

Tairi zinatetemeka zenyewe

Jiulize zinatetemeka lini. Kama ni ukibonyeza mafuta tu, ni betri au kelele za mota. Mota za brashi zina vikapasita vidogo mgongoni, vya rangi ya kahawia au njano, mara nyingi vimeandikwa 104, kazi yake ni kuzima kelele za umeme, kimoja kikikatika mguu usukani unachanganyikiwa. Kukilehemu tena ni kazi ya dakika tano kwa anayejua kulehemu.

Kama zinatetemeka hata gari imesimama, zungusha usukani wa rimoti polepole sana. Zikiruka mahali pamoja, ile voliumu ya ndani ya rimoti imeingia uchafu, kama voliumu ya redio inavyokwaruza. Toa betri, puliza dawa ya kusafishia voliumu, zungusha mara thelathini hivi. Mafuta ya taa hapana.

Zikiruka ovyo ovyo angalia antena. Za kisasa zinatumia 2.4 GHz, kile kiwaya kwenye gari ncha yake iliyo wazi ni kama milimita 31, ikikatika au ikijikunja chini ya mota umbali unapungua. Za zamani za mitumba nyingi ni za 27 au 49 MHz, hizo antena ni ndefu na usiikate kuipendezesha, na watoto wawili wenye masafa yale yale hawawezi kucheza pamoja, kila rimoti itaamrisha gari zote mbili. Nimeshaona watoto wakigombana kwa hilo, kila mmoja anaamini mwenzake kamharibia.

Usukani haufanyi kazi kabisa

Sikiliza. Ukikata ukasikia mota ndogo inazunguka ila tairi zimetulia, gia za ndani zimeliwa au mkono umechomoka. Kimya kabisa, cheki soketi kwanza, ichomoe uichomeke tena, waya unakatika ndani ya plastiki yake bila kuonekana, upapase ukiwa umewasha. Kwa sevo ya waya tatu unaweza kuichomeka sehemu ya mafuta kwenye risiva (kile kinachopokea amri za rimoti ndani ya gari), gari ikiwa juu ya kopo, ikicheza pale sevo ni nzima na shida iko kwenye risiva au rimoti.

Ukienda kununua nyingine hesabu waya. Tatu ni za kawaida, zile ndogo za gramu 9 utazipata kwa wanaouza vifaa vya elektroniki. Ila gari nyingi ndogo zina waya tano, mbili za mota na tatu za voliumu ya ndani ya sevo inayopima mkono uko wapi, kwa sababu ubongo wa sevo uko kwenye bodi kubwa. Ya waya tatu haiingii mahali pa tano hata ulehemu vipi.

Acha, usiendelee

Betri imevimba: usiichaji, usiitoboe, itoe kwenye gari iweke nje juu ya mchanga mbali na watoto. Betri za lithiamu za volti 7.4, zenye seli mbili ndani, zikijaa ni 8.4, na seli moja ikishuka chini ya volti 3 usijaribu kuifufua. Kuchuna waya wa chaja ya simu ukaunganisha kwenye betri ya gari hapana kabisa, nyumba zinaungua hivo.

Harufu ya kuungua, waya umelainika, bodi ya moto hadi kidole hakivumilii: toa betri sekunde hiyo, usirudishe "tuone". Gari imeingia mfereji wa maji: toa betri, kung'uta, kausha kivulini siku mbili, usiweke jikoni.

Hapo mpelekee fundi, na kwa bodi fundi simu mzuri anafaa maana ana vifaa vya kulehemu vitu vidogo. Mpelekee gari PAMOJA na rimoti yake na betri yake, bila rimoti hawezi kujaribu chochote. Skrubu zote kwenye kimfuko, picha ulizopiga kabla ya kufungua, na mwambie wazi ulichogusa, hata kama ulikosea waya.